Joho na Vitabu: Juu ya Elimu katika Gereza

Mara nyingi tunahubiri juu ya kufungwa kwa Mtume Paulo. Tunasimulia ginsi alivyoimba usiku katika gereza la Filipi, ginsi minyororo ilivyofunguka, ginsi mlinzi alivyobatizwa pamoja na watu wote wa nyumba yake. Ni habari nzuri, na watu wanaipenda. Lakini uko mstari mmoja katika Barua ya pili kwa Timoteo, sura ya 4, ambao sijausikia ukihubiriwa hata mara moja, na mimi mwenyewe katika miaka saba ya upadri wangu sikuuhubiri. Mtume yuko kifungoni Roma. Anajua kwamba kifo chake kimekaribia. Rafiki zake wamekwenda huku na huku, amebaki Luka peke yake. Basi anamwagiza Timoteo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, na zaidi vile vya ngozi.

Katika seminari tulipita juu ya maneno haya kwa upesi, kama vile mtu anavyopita juu ya orodha ya mizigo. Mwalimu alitueleza kwamba wenye elimu ya Maandiko wanabishana kama barua hii iliandikwa na Paulo mwenyewe ao na mwanafunzi wake, kisha tukaendelea mbele. Ubishi huo niuache. Aliyeandika mstari huu, awe nani, alijua vema mfungwa anahitaji nini. Joho ni juu ya baridi, maana Timoteo anaombwa afike mbele ya majira ya baridi. Na vitabu je? Mtu huyu hakutazamia kutoka. Hakuvihitaji ili apate kazi, wala ili aonyeshe wakubwa kwamba amegeuka mtu mwema. Anaomba joho na vitabu kwa pumzi moja, kama vile mwili na akili vyote viwili vinaona baridi.

Hakuwa wa mwisho kuomba hivyo. William Tyndale, Mwingereza aliyefungwa Vilvoorde katika inchi ya Ubelgiji mwaka 1535, aliandika barua kwa Kilatini kuomba kofia ya kumkinga na baridi, na taa ya jioni, na zaidi ya yote Biblia ya Kiebrania pamoja na sarufi na kamusi yake. Mwaka uliofuata aliuawa. Hakuwa wa Kanisa letu, na waliomfunga walikuwa wa upande wetu. Si haki kulificha neno hilo.

Nimeanza na mstari huu kwa sababu nataka kupima ginsi sisi, mapadri na walimu wa dini, tunavyosimulia habari za wafungwa. Tumezoea namna moja ya kuzisimulia. Mtu alikuwa mwizi, akatupwa buloko, mhubiri akafika, mtu akalia, akatubu, akaimba. Hadithi inakwisha hapo. Hatuulizi mtu huyo alifanya nini siku ya pili, na ya mia mbili, na ya elfu, akikaa katika chumba kile kile. Hatuulizi akili yake ilikula nini.

Mwaka uliopita nilisikia mhubiri mmoja akisimulia habari ya Susan Kigula wa Uganda. Sitamtaja, kwani alisema kwa nia njema. Alisema kwamba mwanamke huyo alihukumiwa kufa, akamwomba Mungu, akasoma sheria ndani ya gereza, akawa avoka, akasimama mbele ya tribinali kuu, akaishinda Serikali na kujifungua mwenyewe pamoja na wenzake wote. Watu walipiga makofi sana. Lakini mambo hayakwenda hivyo, na ninaona kwamba yalivyokwenda kweli yanatufundisha zaidi.

Susan Kigula alihukumiwa kufa mwaka 2002 kwa kosa la kumwua baba wa mtoto wake, kosa ambalo siku zote alilikana. Alipelekwa Luzira, karibu na Kampala. Wakati ule sheria ya Uganda ilimlazimisha hakimu: aliyeonekana na hatia ya kuua alipashwa kuhukumiwa kufa, hakimu hakuwa na ruhusa ya kupima hali ya mtu wala sababu zake. Wafungwa zaidi ya 400 waliokuwa wakingoja kunyongwa waliungana kuishitaki sheria hiyo, na jina la Kigula likawekwa mbele. Waliosimama kutetea mashitaka ni maavoka wa nje. Korti ya Katiba ilitoa neno lake mwaka 2005, na Korti Kuu ikalithibitisha katika Januari 2009: hukumu ya kufa isiwe ya lazima, na aliyekaa zaidi ya miaka 3 akingoja kuuawa, baada ya hukumu yake kuthibitishwa, asiuawe tena bali kifungo chake kiwe cha maisha. Kigula alihukumiwa upya mwaka 2011, akapewa miaka 20, naye akatoka katika Januari 2016.

Na masomo? Yalikuja nyuma ya hukumu ile. Mwingereza mmoja, Alexander McLean, alifika Uganda angali kijana kusaidia wagonjwa katika hospitali ya Mulago, akawaona wafungwa wakifa pale bila mtu wa kuwaangalia. Mwaka 2007 alianzisha shirika la kusaidia magereza ya Afrika, ambalo leo linaitwa Justice Defenders. Lilianza na dawa na vitabu vya kusoma, ndipo likafika kwenye sheria: wafungwa wa Uganda na wa Kenya, pamoja na walinzi wao, wakasoma masomo ya sheria ya Universite ya London, ambayo tangu 1858 inawapa mitihani watu wasiofika London. Kigula alikuwa mmoja wao. Elimu ile aliitumia kuwasaidia wenzake kuandika rufani zao.

Tazameni basi kosa la mhubiri liko wapi. Yeye alitaka elimu iwe ufunguo: mtu anasoma, mlango unafunguka. Kumbe mwanamke huyu alianza masomo ya sheria wakati neno kubwa la sheria lilikuwa limekwisha kusemwa, na mengi katika masomo yale yalikuwa kwa ajili ya wengine. Hadithi ya mhubiri inamfanya mfungwa ajiokoe peke yake. Habari ya kweli ina watu wengi ndani yake: maavoka, mahakimu, walimu, walinzi waliokaa darasani pamoja na wale waliowafungia, wanawake waliongoja barua zao ziandikwe. Kwa Wakristu habari ya pili ndiyo inayofanana na Kanisa. Nayo inatuhusu sisi Wakongo zaidi ya wakati mwingine, maana katika Machi 2024 Serikali yetu iliondoa lile ahirisho la kuua wafungwa lililokuwa likishikwa tangu 2003.

Hapa nina neno la kuwaambia hasa walimu wa dini. Katika katekismu yetu tunafundisha matendo ya huruma, saba ya mwili na saba ya roho. Kutembelea wafungwa kumewekwa kati ya yale ya mwili, pamoja na kuwapa chakula wenye njaa na kuwavika walio uchi. Kufundisha wasiojua kumewekwa kati ya yale ya roho. Watoto wanakariri orodha ya kwanza, wanapumzika, wanakariri ya pili. Na sisi wakubwa tumefanya vivyo hivyo katika maisha: tunapokwenda gereza tunachukua sabuni, chumvi na unga wa bukari, tunaporudi katika shule tunachukua vitabu. Mara ngapi tumeyatenda matendo hayo mawili katika nyumba moja, kwa mtu mmoja?

Najua mtu atanijibu kwamba Wakristu wengine wamekwisha kufanya hivyo, na tena kwa nguvu. Ni kweli. Katika Louisiana, inchi ya Marekani, kuna gereza kubwa sana ambalo watu wote wanaliita Angola. Ndugu wa Dilolo watashangaa, kwani sisi tukisema Angola tunanyosha kidole tu upande wa reli. Jina ni lile lile: mahali pale palikuwa shamba kubwa la watumwa, na yasemwa lilipewa jina la inchi walikotolewa wengi wao. Wengi wa wafungwa wa pale wamefungwa maisha. Mwaka 1994 sheria ya Marekani iliwakatia wafungwa msaada wa Serikali wa kulipia masomo ya universite, na madarasa yakafungwa karibu kila mahali. Msaada huo haukuwarudia wote mpaka Julai 2023. Katika giza hilo seminari ya Wabatisti ya New Orleans iliingia Angola mwaka 1995 na kufungua shule ya wachungaji. Wafungwa wakasoma Maandiko, historia, lugha, namna ya kuhubiri, wakapata digri. Waliomaliza wakawekwa kuwa wachungaji wa wenzao: wanakaa na wanaokufa, wanazika, na wengine wanatumwa katika magereza mengine kama wamisionari.

Ninaisifu kazi hiyo, na nisiposema hivyo nitakuwa mtu wa wivu. Sisi Wakatoliki hatukutangulia kufanya kama wao. Papa Yohane Paulo II aliadhimisha Jubilei ya wafungwa katika Regina Coeli mwaka 2000, Papa Fransisko aliwaosha miguu vijana wa Casal del Marmo mwaka 2013, akafungua Mlango Mtakatifu katika gereza la Rebibbia tarehe 26 Desemba 2024. Ni alama kubwa. Lakini alama haiwezi kufundisha sarufi.

Hata hivyo kuna jambo katika Angola ya Louisiana linalonipa wasiwasi, nami nalisema kama mtu aliyelelewa katika seminari. Ikiwa mlango wa masomo makubwa ni mmoja tu, na mlango huo ni wa uchungaji, mtu mwenye njaa ya elimu atafanya nini? Ataingia kwa mlango huo. Atasema ameitwa. Labda ameitwa kweli. Labda baadaye ataitwa, maana Mungu anatumia hata njaa. Lakini nani atapima? Sisi tunajua katika inchi yetu ni vijana wangapi walipita katika seminari ndogo kwa sababu ndiyo iliyokuwa shule nzuri kuliko nyingine, nami simhukumu hata mmoja wao. Kijana yule angeweza kwenda kwao. Mfungwa hana kwao pa kwenda. Mtaguso, katika tamko lake la Desemba 1965 juu ya uhuru wa dini, uliwaonya wahubiri wajiepushe na kila tendo lenye hata harufu ya kulazimisha, na zaidi mbele ya maskini na wasio na elimu. Nani maskini na asiye na elimu kuliko mtu wa buloko?

Sisi watu wa Katanga tunapashwa kulisikia onyo hilo kwa masikio mawili. Simon Kimbangu alihukumiwa kufa mwaka 1921, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa Élisabethville, akakaa katika kifungo miaka 30 mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Baadaye ilisemwa kwamba alibatizwa mkatoliki alipokuwa akifa. Wafuasi wake wanakana mpaka leo. Mimi si mwamuzi wa neno hilo. Lakini ona: miaka 30 ya mtu, na sehemu inayobishaniwa zaidi kati ya Wakristu ni saa yake ya mwisho, alikuwa wa nani. Aliishije miaka ile yote, alifikiri nini, nani alikaa chini kuzungumza naye? Tunaposhindania roho kama vile watu wanavyoshindania mzigo kwenye gari la moshi, hatumwoni tena mtu.

Sasa nirudi kwetu, na kwanza nikiri kosa langu.

Kuna gereza moja katika inchi yetu, sitalitaja, ambalo nilikuwa nikilitembelea siku ya posho, mbele ya Yenga. Nilichukua rozari, sabuni, wakati mwingine samaki wa chumvi. Nilihubiri juu ya uvumilivu. Alikuwepo mtu mmoja wa makamo, anayesema Kichokwe na Kiswahili kidogo, aliyenisikiliza vizuri kuliko wote. Kila mara alitaka kuniambia neno, na kila mara nilimwambia avumilie, Mungu anaona. Mara ya tatu alitoa karatasi katika kofia yake, imekunjwa mpaka imelegea kama kitambaa, akasema: “Mupe, unisomee hii. Niko nayo tangu mwaka jana.”

Nikaisoma. Ilikuwa amri ya hakimu ya kumshika gerezani kwa siku 15 wakati mambo yake yanachunguzwa. Sheria yetu ya mashitaka, ile ya tarehe 6 Agosti 1959, inasema kwamba siku hizo 15 zikiisha shurti hakimu atoe amri mpya, nayo ni ya mwezi mmoja, na hivyo mwezi kwa mwezi. Mtu huyu hakuwa na karatasi nyingine. Alikuwa akiibeba kichwani, kwa miezi mingi, karatasi iliyosema kwamba wakati wake umekwisha. Nayo ilikuwa kwa Kifaransa. Na padri aliyejua Kifaransa alikuwa mbele yake mara mbili nzima, akimhubiria uvumilivu.

Dosie yake ilipotafutwa ilionekana imelala chini ya nyingine. Alitoka baada ya wiki sita. Sisemi juu ya kosa la mtu mwingine. Nasema juu ya langu.

Tangu siku ile ninasikia aibu ninaposoma hadithi zetu za wafungwa, kwani zinaanza kwa kudhani kwamba kila aliye ndani amehukumiwa. Katika Kongo si hivyo: wengi wa walio ndani hawajahukumiwa bado. Makala ya Kinshasa, gereza lililojengwa kwa watu 1500, lilikuwa na zaidi ya 10 000 usiku ule wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, walipojaribu kutoka na watu wasiopungua 129 wakafa kwa hesabu ya Serikali yenyewe. Ukienda kumhubiria toba mtu ambaye hakuna hakimu aliyekwisha kumwambia kosa lake, umemhukumu wewe. Wengi wao watatubu, ndiyo, kwani sisi sote tunazo dhambi. Lakini karatasi iko katika kofia.

Padri mwenzangu, mtu mwenye akili na moyo, alinikemea. Alisema: wale watu wanakufa njaa, ndugu zao wako mbali, wewe unawapelekea alfabeti? Nilikaa na neno lake siku nyingi. Ana haki. Katika magereza yetu asiye na jamaa wa kumletea chakula anaweza kufa, na parokia isiyopeleka bukari isijisifu kwa vitabu. Paulo alitaja joho mbele. Lakini hakusema: leteni joho, vitabu tutaona mwakani. Mwenzangu alisema pia kwamba mfungwa akijua kuandika atatunga barua za uwongo. Hilo linawezekana. Wako wenye digri nyingi wanaotunga barua za uwongo nao hawajafungwa hata siku moja.

Mtu wa Luzira alifika kwenye masomo ya universite. Sisi tuko mbali na hapo, na sitaki kuwadanganya wasomaji. Upande huu wa Dilolo, Kasaji na Kolwezi, wengi wa tunaowakuta ndani ni wachimbaji wa mikono walioingia katika uwanja wa kompani, vijana wa biashara ya mpakani, watu waliogombana juu ya shamba ao mke. Wengi hawajui kusoma Kiswahili, sembuse Kifaransa cha tribinali. Lakini masomo makubwa yana mwanzo, na kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zile zilizopewa jina la Mandela mwaka 2015, zinasema kwamba kumfundisha mfungwa asiyejua kusoma ni jambo la lazima, si zawadi. Mandela mwenyewe alipata digri ya sheria ya Universite ya Afrika Kusini mwaka 1989, akiwa bado mfungwa.

Basi katekista tuliyemweka afundishe hakuanza na a, e, i, o, u. Alianza na jina la kila mtu, kisha tarakimu, kisha miezi ya mwaka kwa Kifaransa, ili kila mmoja aweze kutafuta tarehe yake katika karatasi yake. Wanaokuja si Wakatoliki tu: wako Wamethodisti, Waislamu wawili, na mzee mmoja asiye na dini yoyote ambaye ndiye mwepesi kuliko wote. Katekista aliniuliza kama awaandikishe katika mafundisho ya batizo. Nilimwambia hapana, anayetaka batizo ataomba mwenyewe, siku nyingine, mahali pengine, si mbele ya ubao. Sala inasemwa mwisho wa Misa, haisemwi mwanzo wa darasa. Najua si mapadri wote watakubali, nami niko tayari kusahihishwa.

Baada ya tarehe wanasoma kifungu cha 18 cha Katiba ya mwaka 2006, tumekiweka kwa Kiswahili na kwa Kichokwe: kwamba aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu yake kwa lugha anayoisikia, na kwamba asishikwe zaidi ya saa 48 bila kuachwa ao kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya kumwamua. Tulipokisoma mara ya kwanza, mlinzi aliyekuwa mlangoni aliomba kirudiwe. Hakuwa amekisikia hata yeye. Sasa anakaa ndani.

Tuna ubao mmoja, daftari kumi na nne, kamusi moja ya Kifaransa, na kitabu kimoja cha Katiba ambacho kurasa zake za mwanzo zimeliwa na mchwa. Kifungu cha 18 kimo bado.